Mkono Juu ya Tairi

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alitoa benchi la mbao nje ya duka la mama yake, akafagia kizingiti, kisha akapita kwenye baiskeli zilizoegemezwa ukutani akiyabonyeza magurudumu kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. Lililolegea alilitia upepo. Wakati wote huo mdomo wake ulikwenda kama cherehani. Alimweleza mama yake nani kagombana na nani shuleni, nani kapata kiatu kipya, mbuzi wa nani kaingia darasani. Ndiyo maana aliitwa Chiriku, kama yule ndege mdogo asiyejua kunyamaza. Jina lake lenyewe lilikuwa limebaki kwenye cheti cha kuzaliwa tu.

Mama yake alikuwa kinyume chake. Mteja akimuuliza, "Mama, tairi hili zuri?" alijibu, "Zuri kwa nani? Unakwenda nalo wapi?" Halafu alingoja jibu.

Matairi ya baiskeli za barabarani yalitundikwa ukutani kwa safu tatu. Safu ya juu ilikuwa ya bei kali, mepesi kama ganda la kitunguu. Ya chini ilikuwa ya bei poa, mazito na yenye harufu ya mpira iliyojaza duka zima. Katikati yalining'inia ya bei ya wastani, na hayo ndiyo yaliyotoka zaidi.

"La bei poa litakuchosha," mama alipenda kusema. "La bei kali utaliogopa, kila ukiona kipande cha chupa barabarani moyo unaruka. La kati utaishi nalo."

Jumamosi, waendesha baiskeli wa mtaani walirudi kutoka mzunguko wao wa asubuhi, wakaketi kwenye lile benchi kunywa chai na kuzungumzia matairi. Zamani mazungumzo hayo yaliishia kwenye ugomvi. Siku moja Kinyozi alilaani tairi fulani mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kumbe hajawahi hata kuligusa; alikuwa amesikia habari zake kwa mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa. Tangu siku hiyo mama aliweka sheria. Anayetaka kulisifu au kulikosoa tairi, alilete, aweke mkono juu yake, aseme yale aliyopitia mwenyewe.

"Mkono kwanza," alisema, "mdomo baadaye."

Basi ikaja aina mpya ya tairi la bei ya kati, lenye mstari mwembamba mweupe ubavuni. Wakati huo watoto wa darasa la sita walikuwa wakijiandaa kwa safari yao ya kwanza ndefu ya baiskeli, kwenda bwawani na kurudi. Mama alitaka kujua kama tairi hilo lingewafaa.

"Nimekufungia jozi," alimwambia Chiriku. "Wiki hii upite nayo kila mahali. Lami, kokoto, na njia ya machimbo mvua ikinyesha. Hasa ile kona ya mteremko. Na usiyajaze yakawa kama jiwe, gumba lizame kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia au umeitikia?"

"Nimesikia kweli, mama!"

Kwenye lami kavu Chiriku aliruka kama mshale. Alikuwa amewasikia vijana wa mbio wakisema kwamba tairi gumu ndilo linalokimbia, kwa hiyo akajaza upepo mpaka gumba likagoma kuzama. Baiskeli ikawa nyepesi mpaka akacheka peke yake.

Mvua ilinyesha mara moja tu wiki hiyo, wakati wa kutoka shule. Wenzake walikuwa wakiruka kamba barazani, na zamu yake ilikuwa imekaribia. Alitazama maji yakitiririka kuelekea njia ya machimbo, akatazama kamba. "Njia ya machimbo haina miguu," alijiambia. "Nitaikuta kesho." Akaruka kamba mpaka mvua ikakatika, akarudi nyumbani kwa barabara ya lami. Kesho yake jua likawaka, na keshokutwa vilevile.

Jumamosi ilipofika, benchi lilijaa. Dada Muuguzi, aliyekwenda kazini zahanati kwa baiskeli kila siku, alikuwepo. Kinyozi alikuwepo. Nukta, rafiki mkubwa wa Chiriku na mdogo kwa umbo kuliko wote darasani, alisimama pembeni na baiskeli yake yenye matairi yaliyokwisha meno na kuota kipara.

"Haya, Chiriku," alisema Kinyozi. "Tupe habari za mstari mweupe."

Chiriku aliweka mkono juu ya tairi. Watu wazima wote walikuwa wakimtazama, na utamu wa kutazamwa ukampanda kichwani.

"Kwenye lami linakimbia kama swala," alisema. "Kwenye kokoto halina habari. Na ile kona ya machimbo, kwenye mvua," hapo akaupapasa ule mstari mweupe, "lilishika kama kucha za paka!"

"Kucha za paka!" Kinyozi alipiga paja. "Huyu mtoto auze matairi, mama yake aende akapumzike."

Jioni hiyo babu yake Nukta, fundi cherehani, alimnunulia mjukuu wake jozi ya mstari mweupe. Wakati mama akihudumia wateja ndani, Nukta aliuliza, "Chiriku, nijaze upepo kiasi gani?"

"Mpaka pampu ikatae," Chiriku alijibu haraka. "Gumu ndilo la mbio."

Jumatatu mvua ilishuka bila hodi. Siku ya pili yake, Chiriku akiwa anapanga tyubu kwenye rafu, babu yake Nukta aliingia dukani na baiskeli begani.

"Shikamoo, babu," Chiriku aliamkia.

"Marahaba." Mzee hakutabasamu. "Mama Chiriku, mjukuu wangu kaanguka kwenye kona ya machimbo. Goti limechubuka kama karoti, na sare nimeitia kiraka. Matairi haya, anayeyasifu na ayapike ayale. Bwawani mtoto wangu haendi."

Mama alilishika gurudumu la mbele. Tyubu ilikuwa imepasuka katika ule mwanguko, na tairi lilikuwa limelegea kama ulimi. Hakuna aliyeweza kujua lilikuwa na upepo kiasi gani kabla ya hapo.

"Pole sana, babu," mama alisema. "Kama ndivyo lilivyo, Jumamosi nayarudisha yote kwa aliyeniletea. Siwezi kuwauzia watoto kitu cha kuwavunja."

Mzee aliiacha baiskeli, akaondoka. Chiriku aliendelea kupanga tyubu zilezile kwenye rafu ileile.

Jioni alikwenda kumjulia hali Nukta. Alimkuta ameketi katikati ya vipande vya vitambaa, mguu juu ya mto.

"Samahani kwa matairi yetu," Chiriku alianza.

"Aa, si tairi." Nukta alikuwa akivuta uzi kwenye bandeji. "Babu analaumu tairi, lakini mimi najua. Wewe ulipita kona ileile, mvua ileile, likashika. Basi ni mimi. Mimi baiskeli siijui tu, Chiriku. Nimemwambia babu aiuze."

Chiriku aliokota vipande vya vitambaa, akaanza kuvipanga kwa rangi.

"Mbona umenyamaza?" Nukta aliuliza. "Unaumwa?"

"Siumwi," alisema, akaaga. Usiku huo aliwaza kitandani. Kama angesema, benchi zima lingemcheka na mama angemwona mwongo. Kama asingesema, Nukta angeuza baiskeli akiamini hana uwezo, na matairi mazima yangerudishwa kwa kosa lisilo lao.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Mama alikuwa ameshayafunga matairi ya mstari mweupe kwa kamba, mzigo ukingoja mlangoni. Babu yake Nukta alikuja na mjukuu wake kuichukua baiskeli, ambayo mama alikuwa ameitia tyubu mpya na kuijaza upepo mwenyewe.

"Mimi nami nilinunua haya, na mbona nimepita nayo kwenye mvua kwenda kazini," Dada Muuguzi alisema, mkono wake juu ya gurudumu. "Sijaona shida."

"Barabara yako ya lami, dada," Kinyozi alijibu. "Kwenye kokoto mtoto kalala chini. Shahidi ni goti."

"Lakini Chiriku naye alipita..."

"Sikupita."

Wote waligeuka. Chiriku alikuwa ameweka mkono juu ya tairi lake.

"Sikupita kwenye mvua, wala kwenye kokoto," alisema. "Nilikuwa naruka kamba. Kucha za paka nilizitunga. Na Nukta aliponiuliza upepo, nilimwambia ajaze mpaka pampu ikatae, na mama alikuwa ameshanikataza. Nukta anajua baiskeli. Mimi ndiye sikujua nililolisema."

Kinyozi alikohoa. Alitaka kufanya utani, akamtazama mama, akaumeza pamoja na chai.

Nukta alikuwa amekunja uso. "Kwa hiyo wiki nzima nimejiona mjinga bure?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Bado," Nukta alisema. "Kwanza nimalize kukasirika."

Mama hakupiga kelele. Alivua aproni, akaitundika mlangoni. "Leteni ndoo," alisema.

"Za nini?" Kinyozi aliuliza.

"Mvua imekataa kuja. Tutaipelekea."

Msafara ukaenda kwenye kona ya machimbo, watu wazima na ndoo zao za maji, babu nyuma na mjukuu wake. Kinyozi alimwaga ndoo ya kwanza kwenye mteremko. "Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki," alilalamika, "na mimi hapa nayamwaga kwa makusudi, Jumamosi nzuri kama hii!"

Mama alichukua baiskeli ya Chiriku, akajaza upepo mpaka pampu ikakataa. Akashuka taratibu, mguu mmoja tayari kugusa chini. Kwenye kokoto zilizolowa, gurudumu la nyuma lilitikisika kama mkia wa mbuzi, likamtupa pembeni. Mguu ukamwokoa.

"Mmeona?" Alirudi juu, akafungua vali, upepo ukatoka kwa mluzi, akabonyeza mpaka gumba likazama kidogo. "Tairi gumu linarukaruka juu ya mawe. Lililolegea kiasi linajilaza, linashika." Akashuka tena, mwendo uleule. Baiskeli ikapinda kona kama iliyofungwa kwenye reli.

Chiriku naye alipita. Alipofika chini alikuwa anacheka.

"Babu," Nukta alisema, "na mimi?"

Mzee aliinama, akalibonyeza tairi la mjukuu wake kwa vidole viwili, kama alivyozoea kupima kitambaa. Alibonyeza la mbele, akabonyeza la nyuma, akarudia la mbele. "Haya," alisema hatimaye. "Polepole. Suruali hiyo sina kiraka chake."

Nukta alishuka na bandeji yake gotini, midomo ameikaza. Kona ilimpokea, ikamwachia salama. Chini aliinua mkono mmoja juu, na babu yake akasahau kuwa alikuwa amekasirika.

"Bwawani atakwenda?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Atakwenda," mzee alisema. "Na wewe utakaa nyuma yake, umwangalie. Mbele yake usionekane."

Waliporudi, mama na Chiriku walisukuma baiskeli zao kwa miguu, bega kwa bega.

"Mama, umekasirika?"

"Nimekasirika. Pia nimefurahi. Vyote viwili vinakaa, nafasi ipo." Alisimama, akaonyesha ubavu wa tairi la Chiriku, mahali ambapo tairi jipya huwa na vinyweleo vidogo vya mpira. "Hivi huisha ukipita kokoto wiki nzima. Jumamosi ile niliviona bado vimesimama. Nikajiambia nitamuuliza baadaye. Wateja wakawa wengi, sikuuliza. Basi na mimi nina sehemu yangu, na leo nitamwambia babu."

Chiriku alimtazama mama yake kwa mshangao.

"Sikiliza, mwanangu," mama aliendelea. "Mtu anapokuuliza habari za kitu, haulizi kwa kupiga soga. Atakipanda. Atateremka nacho mlima kwa neno lako. Kama hukupita, sema hukupita. Neno 'sijui' halijamvunja mtu goti. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umeona mwenyewe inaishia kwenye kona gani."

"Nimesikia, mama."

Safari hii mama hakuuliza kama amesikia au ameitikia.

Safari ya bwawani ilikwenda vizuri. Chiriku alikaa nyuma ya Nukta njia nzima, na walipofika majini Nukta alimrushia maji usoni, akasema, "Haya, nimemaliza kukasirika."

Jumamosi iliyofuata, Kinyozi alileta tairi jingine la bei ya kati, la rangi ya kijivu. "Chiriku! Hili nalo unalionaje?"

Benchi zima lilingoja. Chiriku aliunyoosha mkono kuelekea kwenye tairi, akaurudisha mapajani.

"Hilo sijapita nalo, mjomba," alisema. Kisha, kwa kuwa bado alikuwa Chiriku, akaongeza, "Lakini nikipita nalo, utasikia mpaka uchoke!"