Kijiwe cha Okech

Nilikuwepo mimi mwenyewe, kwa macho haya yanayohesabu dagaa wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, nikiwa Mirongo. Okech wa Buzuruga alianzisha kijiwe cha mtandaoni ndani ya kompyuta yake, chumbani. Haandiki mtu mpaka yeye amkubali. Alikubali sita. Kila jioni aliwauliza, "Wana ziwa, mpo?" Miezi minane kimya, ungesikia sato akipiga miayo ziwani.

Jana akaniambia, "Ngosha, nakizima. Nimechoka kuongea na ukuta."

Akachomoa waya wa intaneti. Giza limeshaingia, feni ya kompyuta tu inavuma. Kabla hajabonyeza swichi, kompyuta ikalia ting, ujumbe ukatokea kijiweni:

"Tupo, kaka. Usizime."

Okech akakaa, akatabasamu, akaandika, "Karibuni."

Nimeongopa kimoja tu: wale sita. Hajawahi kumkubali mtu yeyote.