Jiwe la Bonde la Msimbazi Lilivyoninyima Ndoa

“Mwanangu, kosa lake hasa ni lipi?”

Mzee Sefu, mshenga wa mchumba wangu, aliniuliza hivyo sebuleni kwetu Kariakoo, mkononi ameshika barua ya posa tuliyokuwa tunamrudishia. Mimi niliyezoea kumhoji kila mtu, siku hiyo niliinuka nikaenda zangu jikoni...

Wasomaji wenzangu, sasa nina miaka ishirini na tisa. Wakati huo nilikuwa na ishirini na sita, shahada yangu ya takwimu iko kabatini, namsaidia mama dukani kuuza vitenge. Chuo kilinifundisha kudai ushahidi. Hakikunifundisha niache lini!

Mchumba wangu, Idrisa, alikuwa fundi spika mwenye kibanda mtaa wa Gerezani. Mpole, mcheshi, hakuvuka kidato cha nne. Nilimpenda. Lakini hata mapenzi yenyewe nilikuwa nayahoji: huyu kanifuata mimi, au duka la mama?

Jioni moja watu wengi mjini waliona mwanga ukipasua anga, ukafuatiwa na kishindo. Kesho yake habari zikazagaa kwamba kipande cha kimondo kimeangukia bonde la Msimbazi. Mimi nilicheka. Idrisa hakucheka. Mteja wake mmoja, mchimbaji dhahabu, alikuwa amemwachia mashine ya kutafutia madini aitengeneze, ile yenye fimbo ndefu na sahani chini. Ikipita juu ya chuma inalia. Idrisa akamwomba ruhusa ya kuijaribia bondeni.

Tulikwenda Jumapili tatu, asubuhi. Mashine ililia kwa misumari, vizibo vya soda, sufuria iliyotoboka, hadi bawaba ya mlango... Vijana waosha magari walitupigia miluzi.

“Shemeji, mkiuokota mwezi mturudishie! Tunautegemea Ramadhani!”

Jumapili ya tatu ililia juu ya jiwe jeusi, dogo kama ngumi, lakini zito ajabu. Idrisa alilifuta udongo kwa shati lake.

“Mke wangu mtarajiwa, ndilo hili!”

“Hayo ni mavi ya chuma, taka za tanuri za mafundi wenzako,” nikamwambia. “Usijidanganye.”

Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba kimondo hunasa kwenye sumaku. Kibandani kwake zilijaa sumaku za spika mbovu. Nikachukua kubwa kuliko zote, nikaligusisha. Likanasa! Nikasema hata msumari unanasa. Kila nilipomtembelea nilirudia kulipima mbele ya wenzake, nikilisugua na sumaku huku na huku.

“Daktari kaja kumwona mgonjwa wake,” walitania. Idrisa alicheka nao, lakini macho yake hayakucheka...

Siku moja jiwe sikulikuta.

“Liko mahali salama,” akasema.

“Wapi?”

“Subiri kidogo, utajua.”

Subiri nini? Tangu siku hiyo simu zake akawa anazipokelea nje ya kibanda. Mimi nikafanya jambo ninaloona aibu kuliandika. Alipokwenda kuswali adhuhuri, nikafungua simu yake. Kulikuwa na ujumbe wa mtu aliyeitwa Neema: “Njoo nalo kesho. Usimwambie mtu kwanza.”

Neema ni nani? Na kwa nini nisiambiwe? Nikajumlisha mwenyewe: amepata mwanamke, wanauza jiwe watokomee. Sikumuuliza hata neno moja! Mimi, mdai ushahidi, nilimhukumu mtu kwa sentensi mbili. Nikamwambia mama kwamba Idrisa ni tapeli. Mama akawaambia wajomba, na wiki haikuisha barua ikarudi. Idrisa alinipigia, nikaifungia namba yake. Baada ya mwezi alifunga kibanda, akahamia kwa shangazi yake Kigamboni.

Miaka miwili baadaye nilipata kazi ya muda ya kuchambua takwimu kwenye maabara moja ya miamba. Mkuu wa maabara, mama wa makamo, akanipa mkono na kujitambulisha: Neema!

Nilimuuliza kuhusu jiwe la Msimbazi, naye alilikumbuka mara moja. Lilikuwa kimondo kweli...

“Yule kijana alisema mchumba wake msomi, hataamini mpaka aone karatasi yenye mhuri,” akanieleza. “Nikamwambia asitangaze mpaka tuwe na hakika.”

Kisha akasikitika. Mawe hayo hubeba alama za usumaku wa huko yalikotokea, na hizo ndizo walizotaka kuzisoma. Sumaku kubwa ikipitishwa juu yake, zinafutika zote.

“Sijui nani alilifanyia vile,” akasema.

Mimi nilijua.

Jumamosi hiyo nilivuka Magogoni kwenda kuomba msamaha. Shangazi yake alinifungulia mlango.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Umechelewa, mama. Kaoa, na mtoto anatambaa.”

Nililia pale pale barazani, mbele ya majirani waliokuwa wanachambua mchele...

Dada zangu, kaka zangu, sisemi msiulize. Hata leo nauliza sana. Lakini muulizeni mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya kuipekua simu yake. Akisema subiri, subirini! Mtu anayepimwa kila siku huchoka, hata kama anafaulu kila mtihani. Nawasihi, msipite nilikopita.

Siku ile shangazi alinisindikiza hadi getini, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Siku barua iliporudi, wazee wao walimbana Idrisa aseme amenitenda nini. Aliwajibu kwamba kosa ni lake, akawaomba jina langu lisisemwe vibaya mtaani.