Miche ya Irindi

Lukia alikuwa kiranja wa mazingira wa darasa la sita, na usimdhanie kiranja wa jina tu. Ukungu ukiwa bado umelalia migomba, yeye alishafika shuleni, ufagio wa chelewa kwapani na kidumu cha maji kichwani, sweta lake la mitumba likimfika magotini. Waliochelewa aliwapanga mstari. Waliokuja bila maji aliwarudisha mtoni, wawe rafiki zake wasiwe.

"Huyu akikua atakuwa mkuu wa wilaya," Aminieli, mwenzake wa darasani, alipenda kumtania. "Hata kuku watapanga foleni!"

Miaka hiyo foleni zenyewe zilikuwa zimeanza kusahaulika. Wazazi walisimulia jinsi walivyokuwa wakisimama kutwa kungojea kipande cha sabuni. Sasa duka la Swalehe lilijaa sabuni za kila rangi, ila kahawa haikuwa na bei na mifuko ya watu ilikuwa imekauka. Hali ikiwa hivyo, mvua za El Nino ziliingia milimani Upare, zikanyesha mfululizo mpaka Januari. Asubuhi moja mlima ukaporomoka juu ya kitongoji cha Irindi, ng'ambo ya bonde kutoka shuleni.

Nyumba zilifukiwa pamoja na watu waliokuwamo. Mmoja wao alikuwa Majaliwa, aliyekaa dawati moja na Lukia. Mama Majaliwa alikuwa ameshuka Kihurio kwenye kibarua cha mpunga, binti yake mdogo mgongoni. Aliporudi aliikuta nyumba yake imesimama pembeni ya maporomoko, haina hata ufa. Lakini Majaliwa alikuwa ametoka kwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, na nyumba ya jirani haikuonekana tena.

Lo, watu walilia! Malori yalipanda kutoka Same na unga, mablanketi na maturubai. Wageni walipiga picha, wakatoa pole, wakaahidi. Baada ya wiki chache malori yakakoma kama mvua ilivyokoma. Lililobaki ni kundi moja la akina mama wa Same mjini, wakiongozwa na Bi Safia. Hao walileta majembe na miche ya migrivelea ili mizizi ishike udongo uliobaki juu ya kitongoji. Wanakijiji walichimba makinga maji, wakapanda. Mwalimu Tumainieli akatoa ahadi mbele ya watu wote kwamba wanafunzi wake wataimwagilia miche hiyo mpaka ishike. Mama Majaliwa aliambiwa asirudi kwake kabla ya hapo, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya mteremko. Akabaki Kihurio, akilala na binti yake katika stoo ya ndugu yake.

Mwanzoni Lukia na wenzake walipanda Irindi na ndoo zao kila baada ya masomo. Kiangazi kilipokaza, maji yakawa mbali na mteremko ukawa mkali zaidi. Leo huyu anaumwa mguu, kesho yule kaitwa na mama yake. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake ataenda. Ijumaa moja mwalimu akauliza, "Lukia, miche ya Irindi vipi?"

"Inaendelea vizuri, mwalimu," Lukia alijibu, akikusudia kwenda Jumatatu. Jumatatu hakwenda. Ijumaa iliyofuata akajibu vilevile, na tangu hapo ikawa rahisi.

Januari ilipowadia tena, mwalimu alitangaza kwamba kutakuwa na kumbukumbu ya mwaka mmoja, na Bi Safia na wenzake watakuja. Siku hiyohiyo Lukia alikimbia Irindi na Aminieli. Vuli haikuwa imenyesha mwaka ule. Miche yote ilikuwa imesimama mikavu kama njiti za kiberiti.

"Tumekwisha," Lukia alisema.

"Hatujakwisha," Aminieli alisema. "Tukate matawi mabichi ya migrivelea, tuyachomeke kwenye mashimo. Wageni watakaa huku chini njiani. Nani atapanda mpaka juu na viatu vya mjini?"

Lukia alijua ni vibaya. Lakini alimfikiria mwalimu akiaibika mbele ya watu, akajifikiria na yeye, kiranja mkali anayewarudisha wenzake mtoni. Asubuhi ya kumbukumbu, yeye na wenzake walichomeka matawi safu kwa safu. Ukitazama kutoka njiani, ungeapa kwamba ni msitu mchanga.

Watu walikusanyika chini ya mteremko. Mzee Nicolaus, mwenyekiti wa kitongoji, alisoma majina ya marehemu polepole. Alipofika kwa Majaliwa, Lukia aliuma midomo asilie. Kisha Bi Safia akasimama, akatazama juu, na uso wake ukang'aa.

"Hongereni sana, watoto wetu," alisema. "Nilikuwa na hofu, kwa ukame huu! Naona Irindi mmemaliza. Miche tuliyonayo sasa tutawapelekea wenzenu wa vijiji vingine."

Makofi yakapigwa. Mwalimu Tumainieli alitabasamu, akamtazama Lukia kwa fahari. Ndipo Mama Majaliwa aliposimama, binti yake kashika kanga yake.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Mwaka mzima nimelala kwenye magunia ya watu. Nikiitazama miti hii, naona nimeruhusiwa. Wiki hii narudi kwangu. Masika itanikuta nyumbani, Mungu akipenda."

Lukia alimtazama yule mtoto, akaitazama nyumba, akautazama mteremko uliokuwa juu yake, mtupu, haushikiliwi na kitu. Aminieli alimvuta sweta. "Nyamaza," alinong'ona. "Tutapanda mingine kimyakimya."

"Na masika ikitangulia?" Lukia aliuliza.

Hakungoja jibu. Alipanda mteremko mbio, watu wakimshangaa, akang'oa tawi la kwanza lililo karibu, akashuka nalo mpaka mbele ya Mama Majaliwa.

"Mama, usirudi," alisema, machozi yakimtoka. "Haina mizizi. Ni matawi, tumeyachomeka leo asubuhi. Miche yenu ilikauka, hatukuimwagilia. Na mwalimu hajui, mimi ndiye niliyemdanganya kila Ijumaa."

Mama Majaliwa alilipokea lile tawi, akaligeuza na kuitazama sehemu iliyokatwa kwa panga. "Na mimi nimeshafunga mizigo," alisema taratibu. Akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga. Lukia hakuwahi kuumia namna ile maishani mwake.

Mwalimu Tumainieli alisogea. Watu walidhani atamchapa palepale. "Ukiranja nauchukua," alisema kwa sauti nzito. "Jembe nakuachia. Nami nitachukua langu, maana niliahidi mbele ya watu kisha nikawa nauliza nimekaa kitini. Nilipaswa kuja kuona kwa macho yangu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema Bi Safia. "Ungenyamaza, binti, tungeondoka na miche yetu, na mwenzetu angelala chini ya mlima huu. Basi, hatuondoki. Tunaanza upya."

Mzee Nicolaus hakungoja kesho. Alitangaza msaragambo kila Alhamisi, ile kazi ya pamoja ambayo Mpare akiitiwa haulizi analipwa nini. Safari hii walianza na majani ya guatemala, yanayoshika udongo upesi, wakayabeba kichwani kutoka vijiji vya jirani. Wakulima walikubaliana kutoa zamu moja ya maji ya ndiva, bwawa lao la kumwagilia mashamba, kwa ajili ya Irindi. Kila mwanafunzi alipewa safu yake, na Mwalimu Tumainieli alipanda mwenyewe kukagua, akitweta na kufuta jasho.

Usidhani ilikuwa rahisi. Masika ile ya kwanza kipande cha mteremko kiliteleza na majani yake, wakapanda tena. Mbuzi wakala safu nzima, wakapanda tena. Kiangazi kilipofika na watu wakaanza kuumwa miguu, Lukia, ambaye si kiranja wa chochote, aliwapitia nyumba kwa nyumba.

"Wewe si ulivuliwa cheo?" Aminieli alimuuliza mara moja.

"Cheo, ndiyo. Chukua ndoo twende," alijibu. Na Aminieli alichukua ndoo.

Akina mama wa Same walirudi mwezi baada ya mwezi, hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akiizungumzia tena El Nino. Mama Majaliwa naye alipanda kutoka Kihurio kwa lori la mchele, akapanda majani juu ya nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka wa pili wa kazi hiyo ulipoanza, Mzee Nicolaus na bwana shamba waliukagua mteremko safu kwa safu, wakavuta majani, wakachimba kutazama mizizi. Ndipo wakamruhusu arudi.

Masika ikaja kwa kishindo. Ilinyesha mchana na usiku, na Lukia hakupata usingizi mzuri. Ilipokatika kidogo asubuhi, yeye na mwalimu walivuka bonde mbio. Maji yalikuwa yakishuka katika makinga maji, meupe, bila tope. Mlima ulikuwa mahali pake, na jikoni kwa Mama Majaliwa moshi ulikuwa unatoka.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Karibuni uji." Alimkalisha Lukia karibu na moto, akamtazama alivyoloa. "Nikwambie kitu, ukakae nacho. Siku ya msiba nilikuwa na watu wengi, wote wananifuta machozi. Wewe mwenyewe ulilia. Sikukosa wa kulia nami. Nilikosa mtu wa kubeba ndoo mwezi wa nane, machozi yalipokuwa yamekwisha. Ukimpenda aliyefiwa, mkumbuke mwezi huo. Na ukishindwa, useme umeshindwa, ili mwingine aichukue ndoo."

"Nimesikia, mama," alisema Lukia.

"Haya, kunywa uji. Leo Alhamisi."