Aliyekohoa Chini ya Kitambaa

Enzi za Mwingereza, rafiki yangu Sumari wa Sekei alimbebea kamera mzungu mmoja aliyetaka picha za nyati wa Mlima Meru. Alitukanwa njia nzima. Mchana ukungu ulishuka, msitu ukawa giza. Wakaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, wakaifunika kitambaa chake cheusi ambacho mpiga picha hujifunika kichwa anapopiga, wakasogea kando kuwasikiliza nyati.

Mtu akakohoa chini ya kitambaa.

"Nani yule?" mzungu akanong'ona.

"Hakuna mtu, Bwana. Tuko wawili tu."

"Nenda kafunue!"

"Siendi. Nenda mwenyewe."

Safari hii mzungu hakutukana. Kitambaa kiliinuka, kana kwamba kimefunika kichwa. Miguu ya kamera ikakwaruza mawe, kamera ikageuka mpaka ikawaelekea. Kisha sauti ikasema kwa Kimeru, kwa upole, "Simameni hapo hapo. Msitikisike."