Chumba cha Michoro ya Baba Mkubwa

Nilipanda bodaboda kutoka Same saa kumi na moja jioni, kiberiti kikiwa mfukoni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kufungua chumba, kutoa karatasi moja, kuichoma, kushuka.

Chumba kilikuwa cha marehemu baba mkubwa, Elibariki, msanifu majengo. Makanisa, shule na zahanati nyingi za milima hii alizichora yeye, na michoro yote aliiweka nyumbani kwake. Hakujaliwa mtoto. Siku chache kabla hajafariki alinipa ufunguo.

"Tumainieli, hii ni ya watu. Atakayeiomba, mfungulie."

Sikumfungulia hata mmoja.

Sababu yake naona haya kuisema. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba zahanati ya kijiji niliichora mimi. Watu wakaniita injinia. Kumbe mimi nilikuwa namchongea mzee penseli tu, na sahihi yake iko kwenye kila karatasi.

Mwezi wa nne alinijia fundi wa Hedaru, kijana mpole aitwaye Mbaraka. Alikuwa amepewa kazi ya kuchimba shimo jipya la choo pale zahanati.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuona mchoro, nijue chini kuna nini."

"Marahaba. Ile ni mali ya familia. Njoo kesho."

Kesho yake akaja. Nikamrudisha. Siku ya tatu sikutoka hata nje, nilimjibu dirishani kwangu.

"Chimba tu! Pale nilipima mwenyewe."

Akachimba.

Chini palikuwa na ndiva ya zamani, bwawa la kumwagilia mashamba ambalo wazee walilifukia. Ardhi ikammeza. Walimtoa baada ya siku mbili, kinywa kimejaa tope.

Jioni ya mazishi ndipo nilipokwenda kuufungua ule mchoro. Baba mkubwa alikuwa ameizungushia ndiva duara la kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: MSICHIMBE HAPA.

Niliukunja, nikafunga mlango. Wiki iliyofuata kamati ya kijiji ikaanza kuulizia michoro. Ndiyo maana nilikuwa napanda na kiberiti.

Nilipofika, jua lilikuwa linazamia nyikani. Ukungu ulishaanza kushuka kwenye migomba. Kufuli lilikuwa mahali pake, halijaguswa. Nikaingiza ufunguo...

Kra... kra...

Ndani, karatasi ilikuwa inafunuliwa. Polepole, kama mtu anayeogopa kuichana.

Panya, nikajisemea. Nikasukuma mlango.

Harufu ya udongo mbichi ikanipiga usoni.

Mtu alikuwa ameinama juu ya meza, amenipa mgongo. Maji yalimtiririka kutoka mabegani hadi sakafuni. Tone... tone... Na mvua haikuwa imenyesha kwa siku tisa.

"Shikamoo mzee," alinong'ona bila kugeuka.

Mdomo wangu ulijibu wenyewe. "Mara... marahaba."

"Nimeuona."

Kidole chake kilikuwa juu ya duara jekundu.

"Ulikuwa unajua?"

Nilitaka kukimbia. Badala yake nikashikilia mlango.

"Sikuangalia," nikasema. "Niliogopa watu wataiona sahihi."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Akaanza kugeuka.

Nilifumba macho. Nilifumba kama mtoto, nikasubiri mkono wa tope shingoni mwangu.

Haukuja.

Nilipofumbua, mezani hapakuwa na mtu. Karatasi ilikuwa imetandazwa juu yake, imelowa, ila lile duara halikuchuja hata kidogo.

Sikuichoma. Jumapili nilisimama kanisani baada ya matangazo, nikasema kila kitu: sahihi, dirisha, uongo wangu. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mama Dorkas wa kwaya alitazama chini tu, nami nikatamani sakafu ipasuke.

Tangu siku hiyo chumba kiko wazi kila asubuhi. Wanakuja mafundi, wanakuja wanafunzi wa ujenzi, wanapiga picha kwa simu. Mimi nafagia.

Juzi alikuja mwanamke mmoja, amejitanda kanga nyeusi.

"Shikamoo baba. Mimi ni Husna, mke wa marehemu Mbaraka."

Sikuweza kumtazama. Nilimwonyesha meza. Aliusoma mchoro kwa muda mrefu, akaweka kiganja juu ya wekundu ule.

"Nimesikia ulichokisema kanisani," alisema. "Asante kwa kufungua, baba."

Asante! Neno hilo liliniingia kuliko kisu.

"Naomba uniache hapa peke yangu kidogo."

Nikatoka, nikarudisha mlango, nikakaa kibarazani. Mchana kweupe, kuku wanaparua uani. Chumba kile hakina dirisha wala mlango mwingine.

Nikamsikia Husna akiuliza jambo, kwa sauti ya chini.

Halafu nikasikia anajibiwa.