Chupa ya Maji Dirishani

Kila Ijumaa Chapuchapu alikwenda shuleni na chupa tupu ndani ya mkoba. Chapuchapu lilikuwa jina la utani, na alilistahili. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna alichokifanya polepole. Alikula haraka, alifua haraka, na asubuhi moja aliwahi kutandika kitanda mdogo wake akiwa bado yumo ndani ya shuka.

Chupa ilikuwa ya shangazi yao, aliyekuwa akiwalea wote wawili katika nyumba ya mwisho ya kijiji. Shangazi alikuwa mlinzi wa njia. Njia ilianzia mbele ya mlango wake, ikapita katikati ya malisho na mawe meupe, ikaishia kwenye chemchemi. Haikuwa na mlima wa kupanda wala mto wa kuvuka. Hata mzee mwenye mkongojo aliweza kuimaliza bila kuhema. Kila Jumamosi watu walikuja kuitembea, wakala vitafunio vyao, wakarudi wakisema hawajaona mahali patulivu kama pale.

Utulivu huo ulikuwa wa juu tu. Nchi ile yote ilikaa juu ya mawe ya chokaa, na mawe ya chokaa huliwa na maji kidogo kidogo mpaka yanakuwa mapango. Mto uliotoka milimani uliingia katika ufa mmoja, ukapotea, ukapita gizani chini ya njia, kisha ukatokeza kwenye chemchemi. Udongo ukianza kuporomoka huko chini, majani ya juu hubaki kijani vilevile. Tope huonekana kwanza kwenye maji.

Ndiyo maana chupa ilijazwa kwenye chemchemi kila Ijumaa, ikawekwa dirishani, ikaachwa itulie mpaka asubuhi. Shangazi aliiinua penye mwanga akatazama kitako chake. Kikiwa safi, alifungua kamba aliyoifunga mwanzo wa njia. Kikiwa na tope, hata kidogo kama unga ulioshikwa kwa vidole viwili, kamba haikufunguliwa, na wageni walirudi walikotoka na manung'uniko yao. Tangu goti lake lilipovimba, kazi ya kuteka maji alimwachia Chapuchapu. Kwa miezi mitano chupa haikuwahi kuwa chafu.

Ijumaa hiyo mvua ilikuwa imenyesha milimani na malishoni siku tatu mfululizo. Wasichana wa darasa la sita walikuwa wanashindana kuruka kamba na wale wa darasa la saba, na walimwambia Chapuchapu kwamba bila yeye wamekwisha. Alitazama malisho yaliyolowa. Alitazama kamba ikizunguka. Akajiambia kuwa maji ni maji, na kwamba miezi mitano si mchezo. Akaenda nyuma ya madarasa, akaijaza chupa kwenye bomba la tangi, kisha akaruka kamba mpaka miguu ikamwisha nguvu. Darasa la sita walishinda.

Alipofika nyumbani Shangazi alikuwa amekaa jikoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda.

"Umefika mpaka kwenye chemchemi?" aliuliza.

"Nimefika, Shangazi."

Shangazi alimshukuru, akaiweka chupa dirishani, akaendelea kuchambua mchele. Mdogo wa Chapuchapu, ambaye kila mtu alimwita Maswali kwa sababu hakuwa na kingine mdomoni, alimfuata dada yake mpaka chumbani. Alikuwa darasa la kwanza, na kesho yake darasa lao lilikuwa linakwenda kutembea na mwalimu wao kwenye njia ileile. Tangu Jumatatu alikuwa akilala na kofia yake mpya.

"Dada," alisema, "mbona viatu vyako havina tope?"

Chapuchapu alimwambia alipita kwenye majani. Kisha akamwambia akalale, ingawa jua lilikuwa halijazama.

Asubuhi Shangazi aliiinua chupa. Ilikuwa safi kabisa, safi kuliko siku zote. Aliigeuza mara mbili, akatikisa kichwa kwa mshangao, akasema kuwa mvua yote ile na maji hayajachafuka, basi njia ni nzima. Alijikokota mpaka mwanzo wa njia, akafungua kamba. Watoto ishirini na wawili wa darasa la kwanza walipita wawili wawili wameshikana mikono, na mwalimu wao nyuma na kapu la mikate. Maswali alimpungia dada yake kofia. Sauti zao zilififia malishoni, pakawa kimya.

Chapuchapu alichukua ufagio akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Alikuwa hajamaliza alipotokea mfugaji jirani akiwaswaga ng'ombe wake, amekunja uso.

"Mwambie shangazi yako chemchemi imeharibika," alisema. "Tangu jana jioni ng'ombe wananusa tu na kugeuka. Leo maji ni mazito, mekundu. Sijawahi kuyaona hivyo."

Alipita zake. Ufagio ulimponyoka Chapuchapu. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri, na ni vizuri lisemwe: alifikiri kukimbia kimyakimya, awarudishe watoto kwa kisingizio chochote, na siri ibaki siri. Lakini awarudishe wapi? Ardhi ingeweza kufunguka mbele yao au nyuma yao, naye hakujua ni wapi. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa jikoni, ameegemea ukuta.

Alipiga moyo konde akaingia.

"Shangazi, maji yale si ya chemchemi. Niliyachota kwenye tangi la shule. Mfugaji anasema chemchemi imekuwa nyekundu."

Alingoja kofi au kelele. Shangazi alimtazama kwa muda wa pumzi moja, na katika pumzi hiyo uso wake ulizeeka. Kisha akachukua filimbi iliyoning'inia msumarini akamvalisha shingoni.

"Watakuwa wamefika penye Bakuli," alisema. Bakuli ni bonde dogo la majani laini katikati ya njia, mahali ambapo kila mtu hupenda kukaa na kula. "Hapo chini ni pango, na udongo ni mwembamba. Piga filimbi mara tatu, mwalimu anajua maana yake. Usiwarudishe njiani. Wapandishe kwenye mwamba mtupu, pale jiwe linapoonekana, wakae hapo. Na wewe usikanyage katikati. Nenda."

Chapuchapu alitoka mbio. Alikuwa amekimbia njia ile mara nyingi, lakini siku hiyo aliiona kwa macho mengine. Dimbwi kubwa lililokuwa limejaa maji ya mvua siku zile tatu halikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na kitundu kidogo, kama cha panya, na majani yote yameelekea humo. Mbele kidogo nguzo mbili za uzio zilikuwa zimeinama zikitazamana. Hapakuwa na ndege hata mmoja anayelia.

Watoto walikuwa wamekaa katikati ya Bakuli, kila mmoja na kipande chake cha mkate. Alipiga filimbi mara tatu. Mwalimu alisimama na uso wa mtu aliyekatizwa. Alisema mlinzi wa njia mwenyewe ameifungua kamba, na chupa ameiona kwa macho yake.

Nyuso ishirini na mbili zilimgeukia Chapuchapu. Mmojawapo ulikuwa chini ya kofia mpya.

"Maji ya chupa hayakuwa ya chemchemi," alisema kwa sauti. "Nilidanganya. Pandeni kwenye mwamba, mwalimu. Tafadhali. Shangazi kasema."

Mwalimu hakuuliza tena. Aliwainua watoto, akawapitisha pembeni mmoja mmoja mpaka juu ya jiwe jeupe, na kapu akaliacha palepale. Maswali alipofika juu alishika kichwa. Kofia ilikuwa imemdondoka, iko pale chini, hatua kumi tu. Alichomoka. Chapuchapu alimdaka mkono, akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu huku mtoto akilia na kumpiga mateke.

Ardhi haikupiga kelele. Majani ya katikati yalishuka taratibu, kama shuka inayovutwa na mtu aliye chini ya kitanda. Kofia ilikwenda, kapu likaenda, kisha duara zima likatitia, na kutoka chini ukapanda ubaridi na sauti ya maji yanayokimbia. Maswali aliacha kulia.

Mwalimu alihesabu watoto mara tatu. Walikuwa ishirini na wawili. Alikaa chini juu ya mwamba, naye Chapuchapu akalia bila kujificha.

Mfugaji na watu wengine walikuja, wakawarudisha wote kwa kupitia miamba. Kamba ilikuwa imefungwa tena, mafundo mawili. Jumatatu Chapuchapu alisimama mbele ya shule nzima na wazazi akaeleza alichofanya, maana Shangazi alisema waliodanganywa walikuwa wengi. Wazazi wengine walimtazama kwa jicho kali, na hakuna aliyewalaumu.

Siku ya Ijumaa Shangazi alimpa chupa. Chapuchapu aliitazama, hakuipokea.

"Bado unaniamini, Shangazi?"

"Kaa," Shangazi alisema. "Nikuambie kilichoniuma. Si uvivu. Kuchoka wote tunachoka, na kucheza ni haki yako. Ungerudi na chupa tupu ukaniambia hukwenda, ningenuna, ningefunga kamba, na mambo yangeishia hapo. Chupa tupu isingemuumiza mtu. Ulichoniletea ni chupa iliyojaa uongo, na mimi kwa mikono yangu nikawafungulia watoto njia. Kazi usiyoifanya, sema hukuifanya. Mtu anayejua hilo atajilinda. Aliyedanganywa hana namna." Akamsogezea chupa. "Uliponiambia ukweli ulikuwa unaogopa, lakini ulisema. Kwa hiyo nakupa chupa."

Chapuchapu aliipokea. Maswali alifuatana naye, wakapita juu ya miamba, mbali na lile shimo. Alikwenda polepole, mpaka mdogo wake akauliza kama anaumwa. Walirudi na tope mpaka magotini, wakaiweka chupa dirishani.

Asubuhi Maswali alikuwa wa kwanza kuamka. Alisimama mbele ya dirisha, akainama, akatazama kitako. Tope jekundu lilikuwa limelala humo, unene wa kidole kizima. Nje, wageni walikuwa wameanza kufika na kamba ilikuwa bado imefungwa.

"Dada," aliita, "haya ndiyo maji ya kweli?"

"Ndiyo," alijibu Chapuchapu, akatoka nje kuwaambia wageni kwamba leo hakuna kutembea.