Jina Lililobaki Kwenye Kioo

Haya yalimkuta jirani yangu Nélida Chuquimia. Tunapanga nyumba moja hapa La Paz, yeye chini, mimi juu. Msiniambie nimetia chumvi. Chumvi ninayo jikoni, na habari hii haikuihitaji.

Nélida ni mhandisi. Mwaka ule alikuwa mratibu wa ujenzi wa daraja la kuvuka korongo, na kila Ijumaa saa tatu asubuhi alitakiwa kukaa mbele ya kamera awaeleze wakubwa wa kampuni, walioko Santa Cruz, kazi imefika wapi. Kilichofanyika, kinachofuata, hatari iliyopo, kinachohitajika. Dakika tatu tu, basi. Lakini dakika tatu hizo zilimtoa jasho kuliko korongo lenyewe. Alikuwa akiinamia karatasi na kusoma mbiombio kama anayefukuzwa, na mkubwa wake, Bwana Rolando Justiniano, don Rolando kama tunavyosema huku, hakuwa na simile naye.

"Nélida, binti yangu," alikuwa akisema mbele ya watu wote, "hiyo ni taarifa au unasali rozari?"

Watu wanacheka. Kisha taarifa ile ile, aliyoiandika Nélida kwa mkono wake, don Rolando anaipeleka kwa wenye kampuni, jina la Nélida kalifuta, la kwake kaliweka. Ndiyo ilikuwa tabia yake. Akiona jina la mtu mwingine kwenye kazi nzuri, mkono unamwasha. Kila mtu aliijua tabia hiyo na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nélida alivumilia kwa ajili ya mdogo wake, Edwin. Mama yao alipokuwa akikata roho alimshika mkono akamwambia, "Huyu nakuachia wewe." Edwin hakuwa mtu wa vitabu, ila chuma alikijua, na Nélida akamwombea kazi pale pale ya kusuka nondo za nguzo za daraja. Ndugu wa pekee, hana mwingine. Kila jioni lazima asikie viatu vyake vikigonga mlangoni ndipo ale.

Siku moja doña Eufronia, mama mtu mzima aliyekuwa akitunza ofisi ya pale juu ya korongo, akamwonea huruma. Akafungua kabati la nyuma, akatoa kioo kilichofungwa kwa fremu nyeusi.

"Wenyewe wanaiita teleprompta," akasema. "Ilikuwa ya Limber."

Limber Apaza ndiye aliyekuwa mratibu kabla ya Nélida. Aliondoka Agosti ya mwaka uliopita bila kumuaga mtu. Ilisemekana kaenda Chile.

Kioo kile kilisimamishwa kimeinama kidogo mbele ya kamera. Chini yake unalaza tableti, na maneno ya kwenye tableti yanaonekana kiooni yakipanda polepole. Wewe unasoma huku macho yako yanaitazama kamera, na anayekutazama anadhani unazungumza naye kutoka moyoni. Maneno hufuata sauti: ukisoma yanapanda, ukinyamaza yanasimama kukungoja.

"Ila andika kama unavyoongea, mama," doña Eufronia akamfundisha. "Nani duniani anasema 'shughuli za umwagaji zege zimetekelezwa'? Sema 'zege tumemwaga.' Mistari mifupi. Na jiwekee alama kwenye mabano. Hapa pumua. Hapa tabasamu. Bila hivyo utasoma kama tangazo la msiba."

Wakafanya mazoezi siku nne. Siku ya kwanza Nélida alisoma hata neno "tabasamu" kwa sauti, wakacheka mpaka doña Eufronia akashika mbavu. Siku ya nne alikuwa akisoma bila kujijua kama anasoma. Neno linatokea, mdomo unalisema. Akili iko kwingine kabisa.

Ijumaa hiyo don Rolando akapiga makofi. "Leo umeongea kama mtu!"

Nélida alirudi nyumbani anaimba. Nilimsikia mimi mwenyewe.

Kisha ukaingia Agosti. Kwetu huku Agosti ni mwezi ambao ardhi hufunua kinywa, na anayeichimba huilisha kwanza. Mafundi walitaka mganga aje kuteketeza sadaka kwenye shimo la nguzo ya nne, kijusi cha lama kilichokaushwa, peremende na majani ya koka, ndipo zege limwagwe. Don Rolando akakataa.

"Moto eneo la kazi? Kanuni za usalama haziruhusu. Mfanye Septemba."

"Septemba kinywa kinakuwa kimeshafungwa, don Rolando," Nélida akasema.

"Basi kitakuwa kimeshiba."

Ijumaa ya kwanza ya Agosti, Nélida akakaa mbele ya kioo. Alikuwa ameandika kwamba sadaka imeahirishwa, kazi inaendelea. Akasoma vizuri, sauti imetulia, uso umekunjuka. "Shimo la nguzo ya nne limefika mita ishirini. Nondo zinasukwa. Sadaka imeahirishwa. Ardhi itachukua yenyewe."

Kwenye kioo pakatokea: (tabasamu).

Akatabasamu.

Ndipo maneno yakamfikia masikioni. Akawatazama wakubwa kwenye skrini. Hakuna aliyeshtuka, mmoja alikuwa akinywa kahawa. Kikao kilipoisha akaisoma tableti herufi kwa herufi. Sentensi ile haikuwamo.

"Umechoka, mama," doña Eufronia akasema. Lakini hakumtazama usoni, akaendelea kufuta meza aliyokwisha kuifuta.

Jumanne, Pelusa akapotea. Pelusa alikuwa jike la mbwa aliyelala kila siku pembeni mwa shimo la nguzo ya nne, mafundi wakimlisha mifupa. Walimwita mchana kutwa. Walimulika tochi shimoni, hamna kitu. Edwin alimletea dada yake mkanda wa shingo wa mbwa yule, aliouokota chini kabisa, kwenye nondo. Ulikuwa haujafunguliwa.

Ijumaa ya pili, Nélida alisoma kwa hadhari, kila neno akilipima kabla ya kulitoa. Maneno ni yake. Mstari wa pili, wake. Wa tatu, wake. Akaanza kushusha pumzi.

"Mbwa amepokelewa," akasema. "Hakutosha."

Mdomo ulikuwa umeshazoea, uliyasema kabla yake. Akahisi harufu ya zege bichi, nzito, kama mtu amelimwaga pale pale mezani. Ilitoka nyuma yake.

Kiooni pakatokea: (usigeuke).

Hakugeuka. Lakini kioo ni kioo. Nyuma ya maneno, kwa mbali, aliona kivuli cha mtu amesimama begani mwake. Amevaa kofia ya kazi ya manjano. Uso wake ni wa kijivu, umelowa, unachuruzika.

Maneno yakapanda.

Wiki ijayo, nguzo ya nne: Edwin Chuquimia.

"Wiki ijayo," akasema Nélida. "Nguzo ya nne. Edw..."

Akauma ulimi. Damu ikamjaa mdomoni. Maneno yakasimama, yanamngoja.

(endelea)

"Nélida? Umeganda?" sauti ya don Rolando. "Mtandao wenu huko milimani!"

(pumua)

(endelea)

Nélida akachomoa waya. Kioo kikawa cheusi. Alipogeuka hapakuwa na mtu, ila sakafu ilikuwa na maji ya kijivu, tone moja baada ya jingine, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti chake.

Doña Eufronia alimkuta amekaa chini, kaegemea kabati. Akafunga mlango.

"Nilidhani balaa hili lilikuwa la Limber peke yake," akanong'ona. "Mungu anisamehe."

"Niambie."

"Mwaka jana pia sadaka ilikatazwa, na kabla ya nguzo ya tatu kioo kikaleta jina. Kijana mmoja wa kuchanganya zege. Limber akakataa kulisoma, nami nilikuwa nimesimama pale pale nilipo sasa. Halafu akataja jina lake mwenyewe. Akatabasamu, akavaa kofia yake ya manjano, akatoka. Mchana zege likamwagwa. Hatukumwona tena."

"Na Chile?"

"Chile tuliisema sisi."

"Nikivunja kioo?"

"Limber alikivunja kabla ya siku ile. Kesho yake nilikikuta kabatini, kizima."

"Na nisiposoma?"

"Jina likibaki mle mpaka zege linamwagwa, mwenyewe anachukuliwa vile vile, mwanangu. Ardhi inataka litajwe jingine badala yake."

"Basi tumwite mganga, tuteketeze kwa siri!"

Doña Eufronia akatikisa kichwa. "Sadaka ni ya kabla. Sasa imeshaonja."

Wiki ile Nélida hakulala. Nilimsikia chini akitembea. Alimwomba Edwin asiende kazini Ijumaa, siku ya kumwaga zege. Alimwomba kwa upole, akamwomba kwa kufoka, mwisho akapiga magoti.

"Dada, simama bwana," Edwin akacheka kwa aibu. "Nondo zile nimezisuka mimi. Nikikosa siku ya zege watanicheka mpaka nizeeke. Inuka, unanitia uchuro."

Uchuro! Nélida aliniambia alitamani kumfunga kamba. Lakini mtu mzima humfungi kamba.

Ijumaa ya tatu alifika ofisini saa mbili. Akawasha tableti. Mstari ulikuwa wa mwisho, chini ya maneno yake yote. Nguzo ya nne: Edwin Chuquimia. Akaufuta, ukarudi. Akaufuta tena, ukarudi. Mara ya tatu ulirudi kabla hajaondoa kidole. Basi akafumba macho, akaandika juu ya jina lile jina lake mwenyewe.

Nguzo ya nne: Nélida Chuquimia.

Likakaa. Halikuchezacheza hata kidogo.

Aliogopa, jamani. Msidhani alikuwa jasiri. Lakini mama alimwachia neno, naye hakuwa na ndugu wa pili. Akaona bado dakika ishirini ifike saa tatu. Akashuka korongoni amwone Edwin mara ya mwisho, mkononi kashika salteña mbili za moto, zile sambusa zetu za nyama alizopenda tangu utotoni.

Edwin alikuwa ukingoni mwa shimo. Magari ya zege yalikuwa yamepanga foleni.

"Dada! Kikao je?"

"Kula kwanza," akasema, akamshika mkono wa shati, akashindwa kuuachia.

Sasa, don Rolando alikuwa amesikia kwamba mafundi wanasitasita. Akapanda ndege ya asubuhi kutoka Santa Cruz bila kumwambia mtu, akaingia ofisini saa tatu kasoro dakika tano. Kiti kitupu. Kioo kinawaka, maneno yamejipanga.

"Yuko wapi bibi harusi?" akamuuliza doña Eufronia.

"Anakuja, don Rolando. Usikae hapo. Nakuomba, usikae hapo!"

"Niache niwaonyeshe taarifa inavyosemwa." Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akakaa.

Kule korongoni simu ya Nélida ikatoa mlio wa kikao. Akaifungua, akamwona don Rolando ametulia, anatabasamu, mzuri kama mtangazaji wa televisheni. Nélida akapiga kelele, "Don Rolando, usisome! Usisome!" Lakini kule kwenye kikao huwa wamewanyamazisha wote ila msemaji na wakubwa. Akaanza kukimbia kupanda ngazi za korongo, simu mkononi. Ngazi mia mbili na kitu. Na sauti ile nzuri ikamfuata.

"Shimo limekamilika. Nondo zimesukwa. Zege liko tayari."

Akatua mahali pa kutua. Akapumua mahali pa kupumua.

"Nguzo ya nne," akasoma, na Nélida akaona macho yake yamefika kwenye jina. Akaona pia lile tabasamu, lile lile la siku zote, la mtu aliyeona kazi nzuri yenye jina la mwenzake. Mkono ulishamwasha. "Nguzo ya nne: Rolando Justiniano."

Picha ikakatika.

Nélida alipofika juu, doña Eufronia alikuwa amesimama uani, kajifunika uso kwa aproni. Alitoka kumwita Nélida, anasema, kwa dakika moja. Ndani kulikuwa na mkoba, na koti kwenye kiti, na kikombe cha kahawa kinachotoa mvuke. Chini korongoni magari yalianza kumwaga. Hakuna fundi aliyeona mtu yeyote akishuka. Polisi walikuja, waliuliza, waliandika, wakaondoka. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, ila sidhani walikuwa wamewaza haya.

Edwin yu hai. Kaoa, ana mtoto. Nélida aliacha kazi wiki ile ile. Humsikii akitaja jina lake kamili, na mtu akitaka kumpiga picha huondoka. Nilimwambia mara moja, "Shukuru, jirani, yamekwisha." Akaenda kuleta ile tableti. Alikuwa ameitupa mtoni, akasema, mara mbili.

Ilikuwa imezimwa, na betri yake imeng'olewa. Lakini maneno yalikuwapo, madogo, meupe, katikati ya weusi. Don Rolando alisoma jina lake, la Nélida hajalisoma mtu. Hivyo bado lipo. Nguzo ya nne: Nélida Chuquimia. Na chini yake, kwenye mabano, neno moja.

(endelea)

Nikafumba mdomo kwa viganja viwili. Tayari ulikuwa umeshaanza kufunguka.